Kava la grenda nililitoa mwenyewe, je, haki yangu imekwenda?

Mzee, shikamoo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, umri wangu miaka 38, naishi Mbagala na mke wangu na watoto watatu. Barua hii anaiandika binti yangu wa kidato cha pili. Mimi natamka, yeye anaandika, maana mkono wangu wa kulia haushiki kalamu tena. Nikifika mahali pagumu ananiuliza, "Baba, niandike hivyohivyo?" Namwambia andika.

Nilianza kama saidia fundi kwenye karakana ya mtaani, nikaenda chuo cha ufundi cha VETA nikapata cheti, kisha kampuni moja ikaniajiri miaka mitatu na kitu. Kampuni ile ilipopunguza watu nilihamia kwa mkandarasi wa majengo ya chuma: mapaa ya maghala, matangi, mageti makubwa. Hapo nimefanya kazi miaka miwili na miezi minne. Mkataba wa maandishi sijawahi kupewa. Malipo ni 35,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, tunalipwa Jumamosi. Katika ile 210,000 ya wiki wanakata 21,000 wanasema ni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nyingine inaingia kwenye simu.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka jana nilikuwa nasawazisha mshono wa boriti. Ile boriti ina kona, na grenda, ile mashine ya kusagia chuma, ikiwa na kava lake la kukinga haiingii. Nikatoa kava. Mzee, sitakudanganya, nililitoa kwa mkono wangu. Fomani alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ananihimiza kwa sababu kreni ilikuwa ya kukodi na saa zinahesabika. Jiwe la grenda likapasuka. Sikusikia maumivu mwanzoni, niliona tu glavu imefunguka kama mdomo.

Wamenishona kano, nimefanyiwa upasuaji mara mbili. Vidole vitatu vya mwisho vimejikunja kama ndoana, havifunguki wala havifungi. Kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi lakini havina nguvu. Koleo la kuchomelea nikilishika dakika mbili linaanguka.

Kampuni ililipa hospitali ya kwanza, ikanipa nusu ya malipo kwa miezi miwili, halafu kimya. Nikipiga simu naambiwa, "Pumzika, tutakuita." Mwezi uliopita wakaniita kweli. Wakanipa karatasi nisaini, nipokee 1,500,000 kama mkono wa pole. Karatasi inasema nimeacha kazi kwa hiari na sitadai chochote. Nilipouliza kuhusu pensheni ya ulemavu, bosi akasema mimi ni deiwaka, kibarua wa kutwa, deiwaka hana pensheni, na isitoshe kava nililitoa mwenyewe, kwa hiyo nikienda serikalini nitaonekana mzembe. Jambo jingine linaloniumiza kichwa: siku ya ajali msimamizi ndiye aliyeniandikisha mapokezi hospitali, akasema nimeumia nyumbani. Nililiona hilo baadaye kwenye karatasi ya kuruhusiwa.

Nilikwenda NSSF nikaomba taarifa ya michango yangu. Kwa mwajiri wa zamani ipo miezi 41. Kwa huyu wa sasa ipo mitano tu, ya mwanzo.

Mke wangu anasema nichukue hiyo milioni na nusu tununue bodaboda, tulipie kwanza na kodi. Shemeji anasema nisisaini. Sijasaini, lakini nimechoka. Je, mtu kama mimi ana pensheni? Na kile kitendo cha kava kimenifunga?

Fundi wa Mkono wa Kulia, Mbagala.

*

Marahaba, fundi. Na wewe binti uliyeandika, hongera, umeandika bila kumpamba baba yako, na hilo litamsaidia kuliko unavyodhani.

Nianze na kava, kwa sababu naona ndilo lililokulaza macho miezi yote hii na ndilo bosi amelishika kama fimbo. Fidia ya ajali kazini katika nchi yetu haiulizi nani kakosea. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Wewe ulikuwa saitini, saa za kazi, na grenda ya kampuni, unasawazisha boriti ya kampuni, mbele ya fomani wa kampuni. Kosa la makusudi la mtu anayeamua kuvunja utaratibu kwa ukaidi ni habari nyingine. Kutoa kava kwa sababu kona ni finyu na fomani anahesabu saa za kreni hakulingani na hayo. Kwa hiyo utakapoulizwa, sema ulivyoniambia mimi: nililitoa, kwa sababu hii, fulani alikuwepo. Usibadili neno. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi, na madai niliyoona yakiharibika, mengi yaliharibika kwa sababu mtu mwenye haki aliona aibu akaisuka hadithi upya, kisha hadithi mbili zikagongana mezani.

Sasa, ulipouliza kuhusu pensheni umechanganya milango miwili, na bosi wako anafurahi ukiichanganya.

Mlango wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huu ulitokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, waajiri wakaanza kuuchangia Julai 2015, na ajali za kuanzia Julai 2016 ndizo unazozilipia. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya enzi za mkoloni iliyokuwa inalipa vijisenti. Nimewahi kumsindikiza mwenzangu kuchukua fidia ya mguu, tukarudi na bahasha ambayo hatukujua tucheke au tulie. Mchango wa WCF analipa mwajiri peke yake, na ni asilimia 0.5 ya malipo ya mfanyakazi. Kwa malipo yako ya siku 26 kwa mwezi, yaani 910,000, hiyo ni shilingi 4,550. Haifiki nauli zako za daladala za wiki moja, na ndiyo hiyo wengine wanaikwepa. Kama bosi wako hakujisajili, hilo ni kosa lake mbele ya mfuko, wala si sababu ya wewe kufukuzwa mlangoni.

Mlango wa pili ni NSSF. Huko unachangia wewe na mwajiri, jumla asilimia 20, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya 10. NSSF ina pensheni ya ulemavu, na haijali uliumia wapi, hata ukianguka kwenye mnazi kwenu. Lakini masharti yake ni magumu kwako: bodi ya madaktari ithibitishe kwamba umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, na uwe na michango ya miezi 180, au angalau 36 ambayo 12 kati yake ni ya hapo hapo kabla ya kupata ulemavu. Ukijumlisha 41 na mitano unapata 46, kwa hiyo ile 36 umeivuka. Inayokuangusha ni ile 12 ya mwisho, ambayo bosi alikukata kila Jumamosi na hakuipeleka.

Hapa fundi naomba usome taratibu. Zile 21,000 ndizo zinazomfunga bosi. Mtu hakati NSSF ya deiwaka asiyemjua. Kila makato ni ushahidi kwamba alikuhesabu mwajiriwa wake, na pia ni deni lake kwa NSSF. Rudi ofisini kwao, usiende kuuliza tu, andika malalamiko kwamba mwajiri anakata na hapeleki, ambatanisha taarifa ya michango na ujumbe wa malipo wa kwenye simu. Wanao wakaguzi na wana nguvu ya kumdai. Bosi akilazimishwa kulipa miezi hiyo ndipo suala la 12 litazungumzika. Theluthi mbili ya kipato, hata hivyo, ni kipimo kirefu. Sikuahidi kitu kwa NSSF. Wasiofikia masharti ya pensheni wapo wanaolipwa kwa mkupuo, uliza hilo pia ukiwa dirishani.

Kuhusu neno deiwaka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina kifungu ambacho waajiri wengi hujifanya hawajakisoma: mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka mwajiri athibitishe vingine, kama lipo hata moja katika mambo kadhaa. Mojawapo ni kufanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho. Wewe saa 45 unazimaliza ndani ya wiki moja. Jingine ni kupewa vifaa vya kazi na mwajiri. Grenda ilikuwa ya nani? Jingine ni kufanya kazi chini ya amri na usimamizi wake, na fomani uliyenitajia hakuwa pale kupunga upepo. Mkataba wa maandishi usipokuwepo, kupewa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaonyesha mzigo wa kuthibitisha unamwelemea yeye.

Turudi WCF, maana huko ndiko chakula chako kiliko. Mwajiri alipaswa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba. Sina haja ya kukuuliza kama alifanya hivyo. Lakini wewe mwenyewe, au mtu kwa niaba yako, unaweza kupeleka taarifa, na hapa ndipo roho yangu inapodunda: muda ni miezi 12 tangu ajali. Uliumia Septemba, tunaingia Juni. Nenda ofisi ya WCF wiki hii. Usisubiri vidole vinyooke, usisubiri mazoezi ya viungo yaishe, usisubiri kukusanya karatasi zote. Taarifa kwanza, karatasi zitafuata.

Wana mafao kadhaa, yako wewe ni haya. Matibabu, ikiwemo yale ya mfukoni mwako baada ya kampuni kunyamaza, kwa hiyo stakabadhi za mazoezi ya viungo zisitupwe hata moja. Kisha malipo ya ulemavu wa muda, asilimia 70 ya kipato chako kwa kipindi ambacho daktari anasema huwezi kufanya kazi, hadi miezi 24. Piga hesabu na binti: asilimia 70 ya 910,000 ni 637,000 kwa mwezi. Kama madaktari watathibitisha hujawa wa kufanya kazi miezi tisa yote, ni 5,733,000. Ile nusu ya malipo uliyopewa miezi miwili iseme wazi, inaweza kuhesabiwa. Hata ikitolewa, weka kiasi kinachobaki kando ya ile milioni na nusu ya mkono wa pole, halafu mwonyeshe mama watoto. Sitegemei kama utahitaji kumshawishi zaidi.

Baada ya hapo ndipo inakuja pensheni uliyoniuliza. Hali ikishatulia, madaktari wakiona mkono hautabadilika tena, unapimwa asilimia ya ulemavu wa kudumu. Mpaka ni 30. Ukiwa na 30 au chini yake unalipwa mkupuo, mara moja basi. Ukizidi 30 ndipo unalipwa pensheni ya kila mwezi, na inakua kadiri asilimia inavyokua. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, na viwili visivyo na nguvu, vinaweza kuangukia upande wowote wa mstari huo. Atakayekuambia leo kwamba pensheni ni ya uhakika anakudanganya, na vishoka wa nje ya ofisi za mifuko watakuambia hivyo hivyo kisha wadai chao.

Lakini kipo unachoweza kufanya siku ya kupimwa. Daktari anaona mkono, haoni ufundi. Karani mwenye vidole kama vyako atahamishia kalamu kushoto maisha yaendelee. Mchomeleaji anashika koleo kwa mkono mmoja, kazi kwa mwingine, yuko juu ya ngazi, na moto unataka mkono usiotikisika. Mweleze. Nenda na koleo, mwonyeshe linavyoanguka baada ya dakika mbili. Hakuna maneno yatakayozidi hilo. Na uombe kwa maandishi kwamba aina ya kazi yako izingatiwe katika kukadiria. Jirani zetu Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini, wameandika wazi kwamba mkurugenzi anaweza kupandisha asilimia pale jeraha linapomwathiri mfanyakazi kuliko kawaida kwa sababu ya kazi anayoifanya. Hoja hiyo ni ya akili timamu popote. Usiporidhika na asilimia utakayopewa, usigombane na karani wa dirishani, andika pingamizi.

Jambo la mapokezi, kwamba uliumia nyumbani, ni baya lakini halijaua kesi. Aliyesema pale dirishani ni msimamizi, wewe ulikuwa unavuja damu. Rudi hospitali, omba kumwona daktari aliyekushona au mwenzake, eleza, omba aandike historia sahihi ya jeraha kwenye jalada. Jiwe la grenda huacha alama yake, na daktari wa mifupa anaijua. Kisha tafuta mashahidi wawili kati ya mliokuwa nao siku ile, na kama yupo aliyekufunga kitambaa, awe mmoja wao. Pia wapo Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambao kazi yao ni kuchunguza ajali kama hizi. Wapelekee taarifa. Bosi anayekuambia utaonekana mzembe serikalini anajua vizuri ni nani ataulizwa kwa nini mafundi wake wanafanya kazi na grenda isiyo na kava.

Ile karatasi usisaini. Sio kwa sababu milioni na nusu ni ndogo, hata ingekuwa tano. Sentensi ya "nimeacha kazi kwa hiari" imewekwa pale kwa ajili ya siku ambayo utalalamika kuachishwa. Kama wanataka kukupa mkono wa pole, wape shukrani, pokea kwa maandishi yanayosema mkono wa pole na si zaidi. Wakikuletea barua ya kukuachisha kazi, ihesabie siku: malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mafundi wengi hufika pale siku ya arobaini wakiwa na kesi nzuri.

Kuhusu bodaboda sitaingilia ya nyumbani kwako, isipokuwa hivi: klachi iko kushoto, sawa, lakini breki ya mbele na mafuta viko kulia, kwenye vidole hivyo hivyo. Mwambie mama hivyo kwa upole. WCF ina fao la utengamao, kumsaidia aliyeumia arudi kwenye kazi anayoiweza, waulize kuhusu hilo siku ya kwanza, usingoje wakuambie. Mtu anayesoma mchoro wa paa la ghala na kuujua mshono mbovu kwa kuutazama ana kazi nyingine anazoweza kufundishwa, ukaguzi wa mishono ikiwa mojawapo.

Binti, sasa kazi yako. Chukua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza andika siku ya ajali, saa, mahali, nani walikuwepo, nani alisema nini. Kurasa zinazofuata, nakili ujumbe wote wa malipo ulio kwenye simu ya baba, tarehe na kiasi, Jumamosi moja baada ya nyingine, kabla simu haijaibiwa au haijafutwa. Hilo ni muhimu kwa sababu mafao yote yanahesabiwa kwa kipato, na sitashangaa ikionekana huko kwenye mafaili bosi aliandika kwamba baba yako analipwa laki tatu. Kila mnapokwenda ofisini andika jina la mliyezungumza naye na alichosema. Nakala tatu za kila kitu, na asilia zisitoke mkononi mwenu.

Na fundi, kama bado una rafiki pale saitini, mwombe leo aipige picha ile grenda, na boriti yenye ile kona, kabla haijapakwa rangi.